Kundi la Maji

Saa moja asubuhi nafungua mlango wa maabara, Upanga,
na harufu inanisalimia kwanza:
pumba za mbao kutoka Keko, mkojo, dawa ya sakafu.
Kisha macho. Mekundu, jozi ishirini na nne.

Kizimba cha kwanza: dozi ndogo ya mzizi.
Cha pili: dozi kubwa.
Cha tatu: dawa ya hospitali, ile inayopukutisha nywele.
Cha nne: maji. Maji matupu, yamechemshwa yakapoa,
kwa sindano ileile butu, kwa mkono uleule,
ili wasijue. Kana kwamba panya huuliza.

Mzizi wenyewe siruhusiwi kuutaja; nimetia saini.
Nitasema tu kwamba Bi Siwema anauuza Kariakoo,
umefungwa kwa ukili, fungu elfu mbili,
na kwamba alipopelekewa barua yenye muhuri
aliigeuzageuza, akasema:
"Mnataka kujua kama unaponya,
au kama mimi ni mwongo?"
Daktari Mushumbusi alicheka. Mimi sikucheka.

Maana nyumbani, Yombo, dada yangu Naelijwa
ana jiwe kwenye titi la kushoto.
Alilificha miezi saba chini ya kitenge.
Alipolitaja, alilitaja
kama mtu anayetaja deni.

Kila Alhamisi napima. Namshika panya shingoni,
kidole gumba nyuma ya sikio, polepole,
namgeuza tumbo juu. Uvimbe uko karibu na kwapa.
Rula ya chuma inaubana pande mbili.
Milimita kumi na moja. Naandika.
Milimita tisa. Naandika, kisha napima tena,
maana mkono unaopenda jibu
haufai kushika rula.

Nikivua viatu tu, Naelijwa:
"Wamepona?"
Namwambia panya si mtu.
Namwambia usinywe kitu, tarehe zako za Ocean Road zisipite.
Anasema ndiyo. Anasema ndiyo vizuri mno.
Jumapili, nikitafuta chumvi, nikakuta nyuma ya dumu
sufuria iliyofunikwa sahani,
maji mekundu kama kutu,
na kando yake ukili.
Fundo lake nalijua.

Sikumgombeza. Nilikaa juu ya mbuzi ya nazi,
magoti yakanifika kifuani.
"Dripu nimekwenda zote," akasema. "Hii naongezea tu."
Akachambua mchele. Akatoa kijiwe, akakitazama.
"Hivi mimi," akauliza, "niko kizimba gani?"

Wiki ya nane tuliwalaza wote.
Hakuna anayebaki: wa dozi, wa maji,
hata namba kumi na saba, aliyezoea kunusa saa yangu,
ambaye uvimbe wake ulikuwa umenywea
ukawa punje ya mtama.
Daktari akampasua, akanyamaza, akaniita.
Ini lake lilikuwa na madoa, rangi ya chai iliyolala.
Namba kumi na tano hivyohivyo. Kumi na nane hivyohivyo.
"Unafanya kazi," akasema daktari, bila furaha,
"lakini haujui pa kuishia."

Kariakoo nilipita kwa miguu. Bi Siwema alisikiliza
mkono ukiwa ndani ya kapu.
"Na hao wa maji?"
"Hakuna aliyepungua."
"Basi angalau maji mmeyajua," akasema,
akafunga mafungu yake yote ndani ya kiroba,
na siku hiyo hakuuza.

Naelijwa nilimweleza ini kwa kumwonyesha
kikombe cha jana mezani, chai imeganda ukingoni.
Hakusema kitu. Alibeba sufuria hadi uani,
akamwaga kwenye mchanga, mbali na mpapai,
taratibu, kama anayemwosha mtoto kichwa.

Ukili hakuutupa.
Ameufungia kadi ya kliniki,
mizunguko mitatu, fundo moja.
Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, nilimsikia
akilifungua gizani, akisoma tarehe kwa mwanga wa simu,
akilifunga tena.