Unyaufu

Mimi ni karani wa mizani, ghala la chama cha msingi, Tandahimba.
Gunia likiingia Oktoba na kilo themanini,
likatoka Januari na sabini na nane,
mkulima hunitolea macho: mbili ziko wapi, dada?
Unyaufu, namwambia. Korosho inapumua.
Kinachokauka hupungua, si wizi.

Mwaka juzi nilipanda mizani hiyohiyo usiku,
ghala limefungwa, mlinzi Chilumba kageuza uso kwa heshima,
maana ile ya zahanati mshale wake uligonga mwisho
na nesi akasema, kwa upole ulioniuma kuliko tusi,
"Hii yetu haikuwezi."
Mia moja hamsini na nne.
Nikajiandikia stakabadhi moyoni: daraja la pili.

Dar walinikata tumbo, wakaniachia mfuko
sawa na yai la bata.
Nikarudi. Nikapungua.
Hapo ndipo mji mzima ulipojua hesabu.

Walioucheka unene wangu sasa wananipa pole.
Mke wa mwenyekiti kaninong'oneza:
"Dawa siku hizi zinatolewa bure, usione haya."
Shangazi Asumini akaja na sinia zima la bada,
kisamvu cha nazi kinaelea juu:
"Kula, mwanangu, urudi."
Nirudi wapi, shangazi?

Kukatwa ni siku moja.
Zilizobaki zote ni zangu.
Kisahani cha kikombe ndiyo sinia langu,
vijiko sita, vya chai:
pweza kwanza, au yai, au choroko,
ugali baadaye kama nafasi ipo, na nafasi haipo.
Maji na chakula nawatenganisha nusu saa
kama mtu na mkwewe wasiopishana mlangoni.
Vidonge. Nywele kwenye chanuo.
Ngozi ya mkono naikunja ndani ya kanga
kama gunia tupu. Sijui nilitupe wapi,
limenibebea miaka thelathini na minane.

Desemba, fedha za mnada zilipoingia,
unyago ukawa kila mtaa.
Niliapa sitagusa pilau, na sikugusa.
Nilikunywa. Soda nusu, juisi ya mabibo,
chai ya maziwa sukari nne,
na korosho za kukaanga kutoka mfuko wa koti,
moja, moja, siku nzima, mizani iko mbele yangu.
Kilo sita zikarudi nyumbani bila hodi.

Nikaacha kujipima. Mimi!
Nikawa sipokei simu za Bwana Likunama,
fundi cherehani wa Nachingwea,
tuliyejuana kwenye foleni ya vipimo, tukakatwa wiki moja,
anayejibana suruali zake mwenyewe kila mwezi.
Usiku mmoja akaandika:
"Nimerudisha tisa. Naona haya. Wewe je?"
Nilisoma korosho iko mdomoni.
Hakuwa na hekima yoyote, alikuwa na tisa.
Nikamjibu: sita.

Sasa Jumamosi ya kwanza tunakutana Masasi,
chumba cha nyuma kwa binamu yake, kati ya majora ya vitenge,
sisi wawili, na Mwalimu Mchopa ambaye bado anaogopa kisu,
na Sikujua, miezi mitatu tangu atoke hospitali,
mumewe anadhani alikwenda kutibiwa kidonda.
Kila mtu na kisahani chake.
Anayelia analia, hakuna anayesema nyamaza.
Anayerudisha kilo anataja namba, kisha tunauliza: ulikuwa peke yako?
Karibu kila mara, ndiyo.

Nne zimeondoka. Mbili zimegoma, nazo nimezizoea.

Jana Shangazi Asumini kaja na ming'oko mitatu
kwenye kisahani, chumvi na pilipili pembeni.
"Nimehesabu," kasema.
Nikala mmoja na nusu, akamaliza iliyobaki,
akajifuta vidole, akaniuliza kwa sauti ya mkulima dirishani:
"Kilo zako, mwanangu, zilikwenda wapi?"

Nikamvutia kigoda.
Nikaanza na usiku ule, ghalani.