Imetobolewa, Imesafishwa

Bi Mwanatumu Kupi alifungua ncha ya leso
dukani kwangu Langoni, ubavuni mwa fundi saa,
akaiweka juu ya kioo kama anayeweka yai:
reale ya Merikani, fedha tupu,
mwaka elfu moja mia nane arubaini na saba.

Nikawasha taa, nikabana lenzi jichoni.
Kazi yangu hii: kuikosoa fedha kwa adabu.
Bibi ameketi juu ya jiwe, ngao ubavuni,
na neno la kwenye ngao ndilo kipimo;
likisomeka lote, bei hupanda.
Lilisomeka lote. Moyo ukanidunda.
Kisha tundu, juu ya kichwa chake,
nyota moja imemezwa na msumari wa sonara.
Mizani ikasema imepungua nusu gramu,
na tundu peke yake halili kiasi hicho.

Huiosha?
“Kila Idi. Jivu na ndimu.”
Nikafumba hata jicho lililo wazi.
Ule weusi, Bi Mwanatumu, ile samawati
inayotanda ukingoni miaka kwa miaka,
ndiyo tunayoilipia.
“Kumbe uchafu una bei?”
Una bei.
“Na mimi nimeutupa mferejini.”

Nikaipindua. Tai hana manyoya,
kifua laini kama kokwa ya tende iliyonyonywa.
Upande mmoja umelika, wa pili mzima:
basi haikuzunguka mikononi mwa wachuuzi.
Ililala. Lakini ililalia nini?
Akagusa chini ya koo, mifupa inapokutana.
“Hapa. Na hapa pa mamangu. Na pa mamake.”

Ukingoni vijishimo vinne, vimepangana.
Nikaandika: imegongwa.
“Futa. Haikugongwa na mtu.
Nilikuwa naota meno.”

Nikafuta. Juu ya bahasha ndogo nikaandika upya:
Imetobolewa. Imesafishwa. Imeng’atwa na mwenyewe.
Kalamu ikasimama penye mstari wa bei.

“Hapo pawate,” akasema. “Siuzi.
Mwanangu atajifungua Shaabani.
Nataka kuyua tundu litahimili uzi mpya.”

Laiti angeanza na hilo.
Nikapima kutoka tundu hadi ukingo:
milimita moja na nusu, nyembamba, bila ufa.
Litahimili. Tia uzi wa pamba, usitie waya.

Akaifunga fundo, akafika mlangoni, akageuka.
“Na ndimu?”

Miaka kumi na tisa nawakataza watu.
Ndimu, nikasema,
kidogo.