Konzi Moja ya Kunde

Niliisaini kwa sababu Nyaboke alinichosha.
Kila mapumziko ya saa nane usiku, kule chumba cha kufulia
cha nyumba ya wazee, tukikunja mashuka ya moto,
anauliza: "Umeshakata bima, Shekue?
Dola kumi na tisa kwa mwezi. Kahawa yako inazidi hapo."
Namjibu: nina nini cha kuibiwa?
Kitanda, sufuria tatu, kompyuta yenye ufa,
koti ambalo hata mwizi wa Hamilton angelionea huruma.

Nilidhani mwenye nyumba anayo, inatosha.
Anayo kweli. Ya matofali yake, ya paa lake,
ya lifti yake inayopanda ikikohoa.
Kuanzia rangi ya ukuta kuja ndani
kila kitu ni juu ya mpangaji.
Walisema usipoziba ufa utajenga ukuta;
mimi ukuta si wangu, ufa si wangu,
ila kilichoegemea ukuta ni changu.

Nikaketi na kurasa thelathini na moja,
kalamu mkononi kama msahihishaji wa mtihani asioujua.
Moto: ndiyo. Wizi: ndiyo. Bomba kupasuka: ndiyo.
Mto ukifurika: hapana, hiyo hununuliwa peke yake.
Kunguni: hapana. Nikacheka, chumba kikaniitikia.
Dola mia tano za mwanzo utazitoa mwenyewe,
wao huanzia pale mfuko wako unapomaliza kulia.
Na jambo moja nusura nilipite:
walipe thamani ya kitu kilivyo leo, kimechakaa,
au bei ya kukinunua kipya dukani?
Tofauti yake dola mbili kwa mwezi.
Nikachagua kipya. Labda kwa kiburi.

Ukurasa wa ishirini na mbili sikuusoma.
"Dhima kwa watu wengine."
Watu gani? Sikuwa na watu.

Februari, Jumanne. Nimetoka zamu, theluji ndani ya viatu.
Naloweka kunde. Nafungua bomba,
nakaa kitandani nivue soksi moja,

na ya pili naivua saa sita mchana
mlango ukigongwa.

Bwana Kowalczyk, wa ghorofa ya nane.
Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.
Amekumbatia kodiani kama mtoto aliyetolewa kisimani,
na kila akipumua, nayo inatoa maji
na sauti kidogo.
Konzi moja ya kunde ilikuwa imeziba tundu la sinki.
Konzi moja.

Miezi yote nilimhesabu mwizi, nikauhesabu moto,
nikamhesabu wa ghorofa ya kumi na sigara zake.
Sikujihesabu.

Ukurasa wa ishirini na mbili niliusoma nimesimama,
soksi moja mguuni, maji yakinifika kwenye vifundo.
Binti wa kampuni, kwenye simu, taratibu kama muuguzi:
"Funga maji. Piga picha. Usimwahidi jirani kitu."
Maji nilishayafunga.
Kuahidi pia nilishaahidi.

Walilipa dari yake, zulia lake,
na fundi wa kodiani aliyepatikana Toronto.
Kwangu, baada ya kukata zile mia tano,
kilichobaki kilinunua kompyuta isiyo na ufa.
Picha ya mama, iliyokuwa kwenye boksi chini ya kitanda,
hawakuuliza bei yake
nami sikuitaja.

Lugha yangu ina neno moja kwa yote haya:
unapanga chumba, unapanga vyombo, unapanga kesho.
Miaka mitatu hapa nilikuwa nimepanga chumba.

Jumapili kodiani hupanda kupitia sakafuni.
Sauti moja, ile ya juu kabisa, haikupona.
Bwana Kowalczyk huifikia, huiruka, huendelea.
Hiyo bima hailipi; nimeshatafuta kurasa zote.
Nikisikia tu pale anaporuka
nainuka
nakwenda kulitazama bomba.