Safu ya Mwisho

Daftari letu lina safu saba:
namba, jina, kijiji, jicho lipi,
uoni kabla, uoni baada,
na ya mwisho, nyembamba kama pindo la kanga,
Matatizo.
Mimi ndiye mjazaji. Kila Alhamisi
tunafungua bendeji kwenye benchi la barazani,
harufu ya Mwaloni ikipanda mlimani
kabla wagonjwa hawajaona inatoka wapi.

Mzee Ndalahwa wa Misungwi:
kabla, kivuli cha mkono; baada, sita kwa kumi na mbili.
Akayatazama mawe ya Kirumba yalivyobebana,
akacheka: "Kumbe hayajaanguka bado?"
Safu ya mwisho nikachora kistari.
Vistari ni vingi. Nawaambia hivyo wanaoogopa,
na si uongo.

Jicho moja la Sengerema lilijaa usaha siku ya nne.
Limo, kwa wino mwekundu.
Leo sina nguvu ya kulisimulia.

Ninayetaka kumsema ni Limi wa Kayenze,
mwanika dagaa, jicho la kushoto.
Mtoto wa jicho wake alikuwa mkavu, wa kahawia,
mgumu kama kokwa ya ukwaju.
Daktari Kaijage alikuwa akiimba chini chini,
huimba kila anapokata,
wimbo wa kwao Bukoba usio na haraka.
Mara akanyamaza.

Kifuko cha lenzi,
utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
kilikuwa kimechanika,
na ute wa nyuma ukaja mbele, polepole,
kama mgeni aliyekosea mlango.
Nikampa mkasi. Nikampa sponji. Nikampa mkasi tena.
Hakuna aliyesema pole,
maana ganzi ni ya jicho, si ya sikio;
mgonjwa yuko macho chini ya kitambaa cha kijani,
anasikia hata chuma kikigusa sinia.

Na chini ya kitambaa, sauti yake:
"Mbona wimbo umekatika?"

Alhamisi nikainua vidole, hatua moja mbele yake.
"Viwili," akasema. "Au vitatu. Unavitikisa?"
Sikuwa navitikisa.
Daktari akachuchumaa mbele ya benchi,
magoti yakalia,
akamwambia bila kuzunguka:
kifuko kilichanika mikononi mwangu.
Hakumsingizia Mungu, wala umeme, wala umri wa mama.
Limi akageuza uso kuelekea ziwani,
akakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Nikaandika: kifuko kuchanika, ute kutoka.
Maneno hayakuenea. Nikageuza daftari,
nikapanda na kalamu pembeni mwa karatasi.
Lakini hakuna safu ya jinsi alivyoshuka mlima
mkono begani kwa mjukuu,
akipapasa kila jiwe kwa kisigino;
wala ya daktari kunawa mikono
hata alipokuwa hana mgonjwa;
wala ya miezi miwili ya chumba cha upasuaji
kusikika feni peke yake.

Mwezi wa nane akarudi.
Kimfuko cha dagaa mkononi, kitambaa kipya kichwani.
"Nimeleta la kulia," akasema,
kama mtu aliyeleta redio kwa fundi.
Tukamweleza tena hatari zote, moja moja.
Akasikiliza kama asikilizavyo mtu bei anayoijua.
"Nataka yule yule.
Ila aimbe mpaka mwisho."

Aliimba.
Vibaya, jasho likimtoka, akirudia ubeti mmoja
kama mtoto aliyesahau unaofuata,
na mimi sikutazama saa, nilihesabu pumzi zake.

Bendeji ni kesho. Nimepiga mistari ya ukurasa mpya,
safu ya mwisho nimeipanua kidogo, kwa rula.
Usiku huu nimeosha dagaa wake
maji matatu, nikitafuta mchanga.
Hawana hata chembe.
Amewachambua kwa vidole.