Bitana

Chumba cha tatu, ukishapita mafuvu ya kale,
feni imegoma tangu Ramadhani
na mlinzi anajipepea kwa daftari la wageni.
Hapa wamepanga vitu vilivyosema uongo:
fimbo ya karani wa Mjerumani, tupu ndani
kama muwa uliotangulia kuliwa na mdudu;
kiberiti chenye njiti tatu za kweli;
mkebe wa maziwa ya unga, redio tumboni,
na kitundu kimoja cha kupumulia sauti.

Mwisho kabisa, chini ya taa ya manjano,
cherehani ya baba.

Niliileta mwenyewe, kwa mkokoteni, kutoka Mtaa wa Sikukuu.
Bi Nasikiwa alisaini, akanipa soda,
akaandika kibao:
*Mshamu Mkwanda, fundi. Alificha barua
ndani ya makoti ya wapigania uhuru.
Hakukamatwa hata siku moja.*

Hakukamatwa. Hilo ni kweli.

Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu kuokota sindano
kwa sumaku niliyoifunga kwenye uzi.
Vijana wa kusini walikuja baada ya magharibi,
Kireno kimewakwama kooni,
na Zefania, yule mrefu, mwenye kashata mfukoni kwa ajili yangu,
alisimama mikono kaitanda
baba akimpima: kifua, bega, kiganja,
akitaja namba kwa sauti, mimi nikiandika.
Sikujua kwamba namba mbili za mwisho
hazikuwa za mwili wa mtu.

Na kila Alhamisi alikuja bwana mmoja wa viatu visivyoshika vumbi
kupunguza suruali ya kijivu.
Suruali ileile. Kila Alhamisi.
Ingekuwa inapunguzwa kweli
ingeshafika magotini.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee.
Hawakumtaja fundi.

Zefania alivuka Ruvuma na koti jipya.
Baba alifunga duka siku tatu, akasema ni homa,
akalala akitazama ukuta
na subana kidoleni.

Miaka thelathini baadaye, tumetoka kumzika,
nikafumua koti lake la Idi nimpatie mjomba
na bitana ikanitemea kijitabu:
kushoto majina, kulia shilingi,
mwandiko uleule ulioandika *kiuno 32*.
Nilikisoma jikoni, mlango nimeufunga kwa komeo.
Baadhi ya majina siyajui. Baadhi nadhani hayakuwahi kuzaliwa.
Labda bwana yule alikuwa anauziwa hewa
na hewa ndiyo iliyonilipia ada.
Labda siku ya Zefania
baba aliishiwa uongo.

Leo wamekuja watoto wa shule kutoka Buguruni,
soksi zimeshuka, pua zimegandamana na kioo.
"Mwalimu, jasusi ni mtu mbaya?"
"Inategemea ni wa nani," anajibu mwalimu, anatazama saa.
Wanacheka. Wanakimbilia kwenye magari ya zamani uani.

Amebaki mmoja, msichana, meno ya mbele hana.
Anainama, anakunja shingo,
anaangalia pale ambapo hata Bi Nasikiwa hajawahi kuangalia.
"Bibi, mbona sindano ina uzi?"

Ina uzi, mjukuu wangu. Mweusi, namba arobaini,
umekatwa kwa meno.
Mshono wa mwisho wa mashine hii
haukuwa wa fundi aliyeandikwa hapo.
Ulishonwa usiku mmoja, kibatari kimeshushwa,
kurudishia bitana ya koti
ambalo mjomba hakulipata,
na ambalo nimelivaa sasa,
joto lote hili la Januari.

"Wamesahau kuutoa," namwambia.
Ananitazama. Anatazama koti.
Halafu anaitwa.