Chupa Nne Dirishani

Wali ndio uliosema kwanza.
Mgeni akauma, akanyamaza kwa adabu,
nami nikalisikia lile jiwe dogo
likisagika kati ya meno yake na aibu yangu.
Nikalaumu mchele wa Mombo.
Kesho yake chai nayo ikanikwaruza.

Hapa Mwakidila kila mtu ni tabibu wa kisima cha mwenzake.
Bi Mwantumu: kimeingiwa, kisomewe.
Muuza vichujio: laki na themanini tu, mama, kufungiwa ni bure.
Kaka Akida, kwa simu, toka Korogwe:
kimezeeka hicho, kifukie.

Kukifukia!
Kisima alichokichimba baba kwa sururu,
akapasua mwamba wa matumbawe,
kiganja kikabaki na kovu
tulilolijua kwa kulishika tukivuka barabara.

Miaka kumi na tisa nilikuwa maabara ya zahanati.
Mgonjwa hapewi dawa kwa kutazamwa uso.
Nikatafuta chupa: mbili za kahawa, ya jemu,
na moja ya asali iliyogoma kuacha harufu yake.
Nikazibandika plasta, nikaandika saa.

Ya alfajiri niliikinga pampu ikipiga mguno wa kwanza.
Maji meupe, macho ya mtoto.
Adhuhuri yamekuwa chai ya rangi.
Hicho ni chuma, nikajua,
kimo humo tangu sijazaliwa,
kinangoja kuonana na hewa ndipo kione haya.
Hakina kesi.

Ya pili niliikinga pipa la tatu likijaa.
Sijahesabu kumi, mchanga umekwisha tua:
waja leo, waondoka leo.
Nikaumwaga kiganjani, nikausugua.
Una kona. Una chembe nyeupe za matumbawe.
Huu haukuporomoka ukutani;
huu umeng'olewa sakafuni, ukiwa umelala.

Basi nikatafuta ndoo ya zamani na kamba,
nikateremsha polepole, kama anayeiba,
nikachota juu juu.
Chupa ya tatu: hakuna kitu. Siku nzima, hakuna kitu.
Mgonjwa wangu mzima.

Ndipo nikafunga jiwe kwenye kamba, nikapima kina,
kisha nikapima bomba la pampu.
Tofauti yake, shibiri moja na vidole viwili.
Pampu ya Akida, farasi mmoja na nusu,
aliyoishusha mwenyewe Idi iliyopita
akaondoka chai haijapoa,
ilikuwa inalamba sakafu kama mbuzi aliyeona chumvi.

Fundi Kihiyo akaipandisha mikono miwili.
Mara tatu maji yakatoka na vumbi lao,
ya nne yakanyooka.
Wali ukarudi kuwa wali.

Imebaki chupa ya mvua.
Niliikinga usiku ule wa vuli, bati likipigwa ngumi,
na ilitoka rangi ya maji ya kunde.
Asubuhi, vile vile. Siku ya tatu, vile vile.
Ukiigusa ulimi haikwaruzi, inateleza.
Udongo mfinyanzi hauna haraka ya kwenda popote.
Kihiyo akamulika tochi: pete ya pili na ya tatu zimeachana,
na mzizi wa mwarobaini umepenyeza kidole katikati.
Saruji tumeagiza. Mzizi tutaukata, ukikubali.

Nikampigia Akida.
Kisima hakijazeeka, nikamwambia. Ni kimo cha pampu.
Akakaa kimya, nikasikia jogoo wa watu kule Korogwe.
"Kwa hiyo ni mimi," akasema.
Nilikuwa na maneno ya tangu mirathi,
yamesimama kooni, yamepangana.
Nikatazama dirishani.
"Ni mikono miwili ya kamba," nikasema. "Basi."

Leo siku ya tisa.
Chini ya chupa ile kuna utando, mwembamba kama ngozi ya maziwa.
Juu bado ukungu.
Sijaimwaga.