Orodha Mia Tatu

Tovuti imekamilika tangu Jumanne.
Ina picha yangu nimeinamia cherehani ya mkono,
kipara kinang'aa kuliko gurudumu lake.
Elineema anasema: bado haipo.
Haipo vipi, nami naiona?
"Unaiona kwa sababu unajua ilipo, mjomba.
Nyumba isiyo na njia huijua mwenyewe tu."

Kumbe kujenga si kupatikana.
Kuna mitambo ya kutafutia, kuna orodha,
kila moja na mlango, kila mlango na bawabu,
na bawabu mwingine anataka chai.

Jamaa wa Mtaa wa Aggrey alikuja na karatasi:
elfu themanini, orodha mia tatu,
jina langu litafika hadi Ureno, hadi Peru.
Nikamwuliza: huko Peru cherehani ikikata uzi
nani atapanda ndege kunifuata Narung'ombe,
mlango wa pili baada ya wauza zipu?
Akasema si lazima waje.
Ni ukubwa wa jina tu.

Ukubwa wa jina.
Baba alilipia mstari mmoja kwenye kitabu cha simu,
mwaka ule sukari ilipokuwa ya foleni,
wakamchapa chini ya Mashine za Kusaga.
Mwaka mzima tukapigiwa na watu wenye mahindi.
Aliwajibu wote kwa adabu.

Elineema anafungua orodha ya kwanza.
Aina ya biashara, chagua moja:
Mitindo. Magari. Urembo. Mashine Nzito. Mengineyo.
Nina miaka hamsini na minne, sikujua naitwa Mengineyo.
Ya pili inadai jina la jimbo na namba ya posta
ambayo mtaa wetu haujawahi kupewa. Futa.
Ya tatu imejaa kamari na dawa za nguvu za kiume.
"Ukikaa hapa, wapita njia watakudhani mwenzao." Futa.
Ya nne iliguswa mara ya mwisho nikiwa na nywele.

Ule mtambo mkubwa, unaoulizwa na kila mtu, haukwepeki;
kuunyima jina ni kujificha uvunguni.
Na ramani yake: tulibandika alama
ikaangukia duka la mabati ng'ambo ya barabara,
tukaisogeza kwa kidole, polepole,
pumzi tumeibana kama mtu anayetunga uzi.

Kisha akauliza: wateja wanakutafuta kwa neno gani?
Cherehani, nikasema, neno gani tena?
Akanionyesha wanavyoandika:
cherehani, cherahani, charahani,
na mmoja, maskini, saa nane za usiku:
"charani inaruka mishono nifanyeje".
Kibao cha baba hadi leo kinasema FUNDI CHARAHANI.
Walimu wamekicheka, wateja wamekisoma.
Weka yote, nikamwambia.
Huyo wa saa nane hana kosa la tahajia,
ana gauni la harusi lisilokwisha.

Basi tukachagua nne.
Mtambo mkubwa. Ramani.
Orodha ya washonaji wa soko, bure, ukipeleka picha ya leseni.
Na moja ndogo, ya mama mmoja wa Tanga,
majina mia mbili na kumi na moja, mafundi watupu:
wa saa, wa redio, wa miavuli.
Elineema alisita. Wanaoipitia ni wachache, mjomba.
Nikaing'ang'ania.
Labda ni kwa ajili ya miavuli.

Siku ya tatu hii, wakubwa kimya.
Karatasi ya elfu themanini nimefungia sindano.
Saa tano, mvua imefunga mtaa, simu ikaita;
sauti ya mama, nyuma yake jogoo:
"Naitwa Mwanakheri, wa ile orodha.
Sijaweka jina lako, huwa napiga kwanza.
Wengi wameandikwa, ukiwafuata hawapo.
Wewe upo?"

Nikatazama gurudumu, kopo la mafuta,
kibao cha baba kinavyotiririsha maji.
"Nipo," nikasema,
nikajikuta nimesimama.